Kompyuta Inayozima Saa Nane Mchana

Kijana mmoja anayehariri video za harusi na kipaimara kule Mabogini ameketi mbele ya kompyuta yake. Kazi imefika nusu, mara kioo kinakuwa cheusi. Feni bado zinazunguka, taa ya mbele inawaka, hata wimbo wa bibi harusi kuingia ukumbini unaendelea kusikika kwenye spika. Anazima, anawasha, picha inarudi. Siku mbili shwari. Siku ya tatu, mistari ya kijani na vijisanduku vya rangi vinatapakaa kioo kizima. Anapakia kasha kwenye bodaboda mpaka Moshi mjini kwa fundi. Fundi anaiwasha, anaiacha kutwa nzima, na kompyuta haioneshi kasoro yoyote. Inarudi nyumbani, na mchana wa kesho yake inazima tena.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini wasikilizaji wengi watamtambua. Mazungumzo ya leo ni kuhusu hitilafu za kuja na kuondoka za kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Ni hitilafu zinazowamalizia watu fedha bure, kwa sababu hatua ya kwanza ya wengi ni kununua kadi nyingine. Kununua kadi ni kipimo ghali kuliko vyote, na kinafaa kiwe cha mwisho. Kadi mpya ikifungwa mahali pale pale, kwenye umeme ule ule na vumbi lile lile, inaweza kabisa kurudia yale yale.

Fundi naye asilaumiwe haraka. Aliyepelekewa kasha peke yake ameletewa nusu tu ya mambo ya kuchunguza. Nyumbani kumebaki soketi, kebo ya kioo, kioo chenyewe, umeme wa mtaa ule na joto la chumba kile. Kule mjini kasha limechomekwa kwenye umeme mwingine, limeunganishwa na kioo kingine kwa kebo nyingine, na limekaa mezani kwenye upepo huku ubavu wake umefunguliwa. Katika mazingira hayo, kompyuta kufanya kazi vizuri si ajabu, na tayari ni jibu: linaonesha kwamba huenda mkosaji hakupanda bodaboda.

Mabogini yenyewe ina mchango wake. Kata hii iko kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare ya chini ya mlima Kilimanjaro. Humo umo mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, na mpunga wake unafahamika mkoa mzima. Ukiendelea kusini unakutana na miwa ya TPC. Wakati mtu wa Marangu, kule juu mlimani, anajifunika blanketi, wa tambarare anafungua madirisha ili apate usingizi, na Februari joto la mchana linapita nyuzi 30 kwa urahisi. Dirisha lililo wazi linaleta vumbi la barabara ya udongo, na msimu wa kukoboa linaleta pia vumbi la pumba. Pumba za mpunga zina silika nyingi, madini yale yale ya mchanga. Vumbi hilo ni jepesi kiasi cha kuingia kila tundu, na likishajaa kati ya mapezi ya kipoza joto cha kadi, hewa haipiti tena.

Kifaa cha kwanza cha uchunguzi, kwa hiyo, ni daftari la shule. Kila kioo kinapozima, iandikwe saa, iandikwe kazi iliyokuwa ikifanyika, na iandikwe kama wakati huo kulikuwa na pasi, pampu ya maji au friji iliyokuwa ikiwaka. Baada ya wiki mbili hivi daftari huanza kusema.

Likionesha saa nane, saa tisa mchana, mshukiwa wa kwanza ni joto. Hesabu yake ni nyepesi. Joto la kadi hupanda karibu sawasawa na joto la chumba: chumba kikitoka nyuzi 22 za alfajiri hadi 34 za mchana, kadi iliyokuwa nyuzi 74 itafika karibu 86 kwa kazi ile ile. Kadi nyingi za NVIDIA za miaka ya karibuni huanza kujipunguza kasi zikifika jirani na nyuzi 83, na kikomo chake kiko juu kidogo ya 90. Kadi yenye afya itafanya kazi polepole, basi. Yenye pesti iliyokauka kati ya chipu na kipoza joto, au yenye feni inayokwama, haitaishia kupunguza kasi, itazima. Programu za bure kama HWiNFO na GPU-Z zinaandika joto hilo sekunde kwa sekunde, na namba za mwisho kabla ya giza ni ushahidi ambao fundi yeyote ataufurahia.

Daftari likionesha saa mbili usiku, hadithi ni nyingine kabisa. Usiku chumba kimepoa, lakini ndiyo saa ambayo kila nyumba imewasha taa, televisheni na jiko. Nyumba zilizo mbali na transfoma zinaona taa zikififia, na watu wanasema umeme ni mdogo. Volti zinazotakiwa ni 230. Kompyuta inayotumia wati 230 huvuta ampia 1 kwenye volti hizo. Volti zikishuka hadi 160, kompyuta hiyo hiyo inahitaji zaidi ya ampia 1.4 ili ipate nguvu ile ile. Pawa saplai inachemka, inayumba, na wa kwanza kuumia ni mlaji mkubwa kuliko wote ndani ya kasha, yaani kadi ya grafiki. Kipimo chake ni mita ya volti ya fundi umeme, ichomekwe kwenye soketi ya kompyuta saa ile ile ya usiku, siyo saa nne asubuhi.

Suala la umeme wa kaskazini limefika mpaka kwenye hotuba za kitaifa. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mkoani Kilimanjaro alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, sababu mojawapo ikiwa upotevu wa umeme unaosafiri kutoka kwenye vituo vya mbali kusini. Wakati huo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikuwa limeshaanza kuzalisha tangu Februari 2024. Umeme kuwepo nchini ni jambo moja. Kufika kwenye soketi ya Mabogini ukiwa na volti zake kamili ni jambo jingine, na anayelipia LUKU anastahili yote mawili.

Wakati hayo yanasubiriwa, stabilaiza yenye uwezo wa kutosha husaidia volti zikishuka, na UPS huokoa kazi umeme ukikatika. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na ukirudi isubiriwe dakika chache, kwa kuwa dakika za kwanza ndizo zenye misukosuko. Jambo jingine linalopuuzwa mno ni waya wa ethi. Kasha la chuma linalompiga mtu shoti ndogo ya kuwasha vidole linasema kwamba ethi haipo au haifanyi kazi. Pawa saplai nyingi zina kapasita ndogo zinazounganisha njia za umeme na kasha, na bila ethi kasha linaelea kwenye takriban nusu ya volti za soketi. Mtu akichomeka HDMI ya televisheni katika hali hiyo, cheche ndogo inaweza kuua tundu la kebo kwenye kadi. Hapo aitwe fundi umeme kabla ya fundi kompyuta.

Sasa kuna ushahidi ambao kompyuta yenyewe hujiandikia. Ndani ya Windows mna programu iitwayo Event Viewer, na humo namba mbili ni za kutafutwa. Ya kwanza ni 41, inayoandikwa na Kernel-Power: maana yake kompyuta ilizimika au kujiwasha upya bila kufungwa kwa utaratibu. Ikijirudia pamoja na kompyuta nzima kukata ghafla, macho yaelekezwe kwenye pawa saplai na soketi. Ya pili ni 4101: draiva ya kioo iliacha kujibu, kisha ikafufuka. Hiyo ndiyo ile hali ya kioo kuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua kisha picha kurejea. Tangu enzi za Windows Vista, mfumo huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Ikikaa kimya, Windows huianzisha upya. Ikishindikana kabisa, kioo cha bluu hutokea na maandishi VIDEO_TDR_FAILURE. Wapo wanaoshauri kurefusha zile sekunde 2 kwenye mipangilio ya ndani. Ushauri huo unaficha dalili tu, huku ugonjwa ukiendelea.

Kuna kipimo kingine kizuri mno ambacho hakigharimu hata shilingi. Mistari na vijisanduku vya rangi vikitokea, ipigwe picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, isipigwe kwa kamera ya simu, kisha itumwe kwa WhatsApp na kufunguliwa kwenye simu. Uchafu ukionekana kwenye simu, umezaliwa ndani: kwenye chipu, kwenye kumbukumbu ya kadi au kwenye draiva. Picha ikiwa safi, basi kasoro iko njiani, kati ya tundu la kadi, kebo na kioo. Kebo ya VGA iliyolegea skrubu zake imeshawahi kuonekana kama kadi iliyokufa.

Baada ya hapo kinachotakiwa ni subira, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha draiva, akasafisha vumbi na kuhamisha soketi siku moja, akafanikiwa, hatajua kilichomsaidia, na tatizo likirudi Desemba ataanza upya. Desemba ndiyo mwezi mbaya kuanza upya: watu wamepanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani, harusi zinafuatana, na kila familia inataka video yake kabla haijaondoka.

Draiva ianze, kwa kuwa ni bure. Programu ya DDU huifuta draiva ya zamani mpaka mizizi, ikiendeshwa kwenye hali ya usalama ya Windows, kisha inawekwa draiva ya mtengenezaji. Ikiwa matatizo yalianza mara baada ya sasisho, toleo la awali lirudishwe. Kama kadi iliongezewa kasi, irudishwe kwenye kasi yake ya kiwandani. Kisha kuna jaribio linalozidi mengine yote kwa uzito: kama prosesa ina grafiki zake za ndani, kadi ing'olewe, kebo ichomekwe kwenye tundu la madabodi, na kompyuta itumike hivyo wiki nzima. Kuhariri kutakuwa kwa kujikongoja, ni kweli. Lakini ikizima hata bila kadi, kadi imesafishika jina, na fedha ya kadi mpya imebaki mfukoni.

Kadi ikiwa imeshang'olewa, ndiyo nafasi ya kuisafisha. Brashi laini, na spiriti ya isopropili kwenye meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti. Mapanga ya feni yashikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, yasizungushwe na upepo kupita mwendo wake. Na hapa kuna mazoea ya kuachwa: kuipeleka kompyuta kwa fundi pancha ipulizwe na kompresa ya matairi. Tangi la kompresa hukusanya maji, na upepo wake hutoka na unyevu na mafuta. Wakati wa kurudisha kadi, isukumwe mpaka kishikizo kilie, na skrubu ya nyuma ifungwe, kwa sababu kadi nzito huinama taratibu na kulegea kwenye sloti.

Suala la nguvu linawaponza wengi wanaonunua kompyuta za ofisi na kuziongezea kadi. Dell OptiPlex 3020 na 9020, kwa mfano, zilitoka kiwandani na pawa saplai za wati 290 au pungufu. Sloti ya kadi hutoa wati 75, basi. Kadi ya GT 1030 inayotumia wati 30 hivi itakaa humo kwa amani, na GTX 1050 Ti ya wati 75 iko ukingoni. RX 580 ya wati 185 haina mahali pake humo, hata ikipewa vile viunganishi vya bei chee vinavyoiba umeme kwenye waya wa hadidiski. Itawaka, itafungua mafaili, itacheza filamu, na siku itakapopewa kazi nzito itazima kompyuta nzima. Anayetaka kuthibitisha atumie programu ya MSI Afterburner kushusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 70 hivi. Kuzima kukikoma, chanzo kinachoelekea zaidi ni nguvu au joto.

Kompyuta hizo za mtumba zina historia yake pia. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Milango ilipofunguka miaka ya baadaye, kompyuta za nyumba za kawaida zilikuja kwa wingi zikiwa zimeshatumika katika ofisi za ng'ambo. Zilikuja na uzima wake na magonjwa yake. OptiPlex GX270 na GX280 zilikuwa na kapasita zilizovimba vichwa na kuvuja, kasoro iliyoilazimu Dell mwaka 2005 kutenga dola milioni 300 hivi. Mpaka leo, kwenye kadi au madabodi ya zamani, kapasita iliyovimba juu inaonekana kwa macho, na fundi mwenye mkono mzuri huibadilisha kwa bei ndogo.

Kisa kikubwa zaidi ni cha mwaka 2008. Julai mwaka huo NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kugharamia chipu za grafiki za kompyuta mpakato zilizokuwa zinakufa kabla ya wakati. Dell Latitude D630 yenye chipu ya NVIDIA ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa, na Apple nayo ikatoa matengenezo ya bure kwa MacBook Pro za kipindi hicho. Chanzo kilikuwa kwenye vifaa vinavyoishikiza chipu kwenye kibao chake kidogo. Kila kompyuta inapopata moto, vitu hivyo hutanuka. Ikipoa, husinyaa, na kila kimoja kwa kiwango chake. Baada ya mizunguko mingi ya moto na baridi, vijitone vya risasi vinavyopitisha umeme hupata ufa. Ufa huo ndio chimbuko la hitilafu ya kuja na kuondoka: mguso upo kompyuta ikiwa na joto fulani, unapotea joto likibadilika. Mwaka mmoja kabla, Microsoft ilikuwa imetenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine zake za michezo za Xbox 360, zilizokuwa zikiharibika kwa wingi.

Visa hivyo ndivyo vilivyoeneza dawa ya kuchoma. Kadi inawekwa kwenye oveni au inapigwa hewa ya moto, na inaamka kweli. Wiki kadhaa, pengine miezi, inafanya kazi, kisha inalala tena. Moto unaufanya ufa ugusane kwa muda; hauuzibi. Tena kwa zile chipu za mwaka 2008 kasoro ilikuwa ndani, juu ya kile kibao kidogo, mahali ambapo hata kuyeyusha risasi ya chini yake hakusaidii. Fundi anayemweleza mteja hivyo, kisha akamwachia aamue, anafanya kazi kwa haki. Anayechoma, akaandika risiti ya "imetengenezwa" na kulipisha bei kamili, anamuuzia mtu siku chache kwa bei ya miaka. Na oveni ya kupikia chakula isiguswe kabisa kwa kazi hii, kwa sababu ya moshi wa plastiki na kemikali.

Ikithibitika kwamba kadi imekufa, linabaki soko. Septemba 15, 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutegemea kadi za grafiki kuchimba sarafu yake, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa kwenye soko la mitumba la dunia. Si zote mbovu, ila feni na pesti zake zimechoka. Hatari kubwa zaidi ni kadi za kughushi: chipu ya zamani, kama GTX 550 Ti, inaandikwa upya ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Inaonesha jina jipya ndani ya Windows, kisha inaanguka draiva halisi ikiwekwa, na mnunuzi anaanza kuhangaika na hitilafu ya kuja na kuondoka ambayo imezaliwa na uongo. Tangu mwaka 2018 GPU-Z huzitambua nyingi za aina hiyo na kuziwekea alama ya tahadhari.

Anayekwenda kununua, iwe Moshi mjini au Kariakoo, aende na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito. Aombe kadi ifungwe kwenye kompyuta ya dukani, asome jina, kisha FurMark iiendeshe kwa nusu saa huku akiangalia joto na kusikiliza feni. Aende mchana, wakati wa jua kali, na aombe ubavu wa kasha ufungwe kabla kipimo hakijaanza.